Kwa nini maoni ya Waislamu kuhusu Magharibi hupanda na kushuka: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nyumbani ni Tanga. Ijumaa iliyopita barazani kwetu yalizuka mabishano. Rafiki yangu alisema Waislamu wanaichukia Magharibi kwa sababu ya dini yao, na hata Marekani ifanye wema gani hawatabadilika. Mzee mmoja akamjibu kwamba Wamagharibi ndio wanaouchukia Uislamu tangu vita vya msalaba, nao hawatabadilika. Nilitaka kusema neno nikakosa hoja. Je, zipo takwimu za kuaminika kuhusu maoni ya Waislamu? Na kama zipo, zina faida gani ikiwa watawala hawawasikilizi wananchi wao?"

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako na yule mzee wanaonekana wapinzani, lakini wameketi mkeka mmoja. Wote wawili wanaamini kwamba moyo wa watu ni jiwe. Mimi nimeshinda na tafiti za maoni ya wananchi zaidi ya miaka ishirini, nazisoma na kuzifundisha, na jambo ninaloweza kulisimamia mbele ya baraza lolote ni kwamba moyo huo hupanda na kushuka, na mara nyingi unaweza kuonyesha kwa kidole mwezi ulipoanza kushuka.

Nitaanza mbali kidogo, mwaka 1919, kwa sababu kisa hiki wengi hawakijui na ndicho kingekusaidia zaidi siku ile.

Vita Kuu ya Kwanza imekwisha. Dola la Waturuki limevunjika, na Uingereza na Ufaransa zinagawana nchi za Waarabu. Rais wa Marekani, Woodrow Wilson, akatuma tume ya watu wawili, Henry King aliyekuwa mkuu wa chuo na Charles Crane aliyekuwa mfanyabiashara, waende Palestina na Syria wakawaulize wenyeji wanataka nini. Walizunguka mji kwa mji majira yale ya joto, wakapokea wajumbe wa vijiji, masheikh, makasisi, marabi na wazee wa kabila, wakakusanya maombi ya maandishi 1,863. Haukuwa utafiti wa sampuli kama tunavyoufanya leo, na maombi mengine yalifanana maneno kwa sababu yaliandaliwa pamoja. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza kwa dola kubwa kuwauliza watu wa eneo lile wanataka nini.

Walichosema ni hiki. Kwanza, wanataka uhuru. Pili, ikiwa ni lazima wawe na msimamizi wa muda, basi awe Marekani: asilimia 60 ya maombi yote yalisema hivyo. Uingereza ikawekwa nyuma yake. Ufaransa Waislamu wengi hawakutaka hata kuisikia. Na asilimia 72 ya maombi yalipinga mpango wa Wazayuni wa kuigeuza Palestina iwe nchi ya Wayahudi. Sababu walizotoa za kuitaka Marekani zilikuwa wazi: haikuwa na makoloni katika nchi zao, Wilson alikuwa amezungumza juu ya haki ya watu kujiamulia mambo yao, na Wamarekani waliowajua ni walimu na madaktari wa chuo kilichofunguliwa Beirut mwaka 1866.

Sasa mwulize rafiki yako: je, Qurani waliyokuwa wakiisoma watu wa Damascus mwaka 1919 ni tofauti na hii ya leo? Waislamu walewale, msikiti uleule, walipopewa nafasi ya kuchagua dola la kigeni walichagua la Kikristo lililoko ng'ambo ya bahari. Ripoti ya tume ikafungiwa kabatini, haikuchapishwa hadi 1922. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imekwisha kuingia Damascus kwa mizinga, Julai 1920.

Mwaka 1953 ndipo akiba ile ya mapenzi kwa Marekani ilipoanza kuliwa. Nchini Iran, waziri mkuu Mohammad Mosaddegh alikuwa ameyataifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza. Majasusi wa Uingereza na Marekani wakapanga mapinduzi, na tarehe 19 Agosti akaangushwa. Shirika la ujasusi la Marekani lenyewe limekiri katika nyaraka zilizofunguliwa 2013. Kwetu tunasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Oktoba 1979, Shah, yaani mfalme aliyeimarishwa na mapinduzi yale na ambaye sasa alikuwa amekwisha kupinduliwa mwenyewe, alipopokelewa Marekani kwa matibabu, Wairani wengi waliona 1953 inarudi. Siku chache baadaye wanafunzi wakauvamia ubalozi na kuwashikilia Wamarekani 52 kwa siku 444. Siwatetei; kumteka mwanadiplomasia ni kosa. Ninachosema ni kwamba hasira ile ilikuwa na tarehe, na tarehe hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote cha dini.

Katikati ya hapo kuna mwaka 1956, na huu ndio wa kumjibu yule mzee wako. Uingereza, Ufaransa na Israel ziliivamia Misri baada ya rais wake, Nasser, kuutaifisha Mfereji wa Suez. Rais Eisenhower aliyezilazimisha kuondoka alikuwa Mmarekani, mzungu na Mkristo, naye alizibana kwa fedha hadi zikasalimu amri. Kama kungekuwa na vita vya msalaba visivyokoma, tukio lile lisingetokea. Nchi za Magharibi huongozwa na maslahi, na maslahi hugeuka. Wananchi wao pia si jiwe: tarehe 15 Februari 2003 mamilioni walijaa barabara za London, Roma na Madrid kuipinga vita ya Iraq kabla hata haijaanza.

Lakini Eisenhower huyohuyo, miaka miwili tu baada ya Suez, aliwaambia wasaidizi wake kwamba kuna kampeni ya chuki dhidi ya Marekani katika nchi za Kiarabu, na kwamba haiendeshwi na serikali, inatoka kwa wananchi. Baraza lake la usalama lilikuwa limekwisha kuandika sababu mapema mwaka huo wa 1958: Waarabu wengi wanaamini Marekani inawalinda watawala waliopo na kuuzuia umoja wa Waarabu kwa ajili ya mafuta. Waraka ule haukusema kwamba watu wamedanganywa. Ulikiri kwamba ni vigumu kuwaondolea wazo hilo, kwa kuwa maslahi ya Marekani yenyewe ndiyo yaliyoipeleka huko. Nakuomba uukumbuke mwaka huo kila unapomsikia mtu akishangaa, kana kwamba swali la chuki lilizaliwa Septemba 2001.

Siku tisa baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka huo wa 2001, Rais George W. Bush alilieleza Bunge la nchi yake kwamba wanaowashambulia wanauchukia uhuru wao wa dini, wa kusema na wa kupiga kura. Ni maelezo yaliyowafariji wengi katika siku ya msiba. Yakawa ndiyo msingi wa kazi iliyofuata. Ikiwa watu hawakupendi kwa sababu hawakujui, basi jitangaze. Serikali ikamchukua Charlotte Beers kutoka biashara ya matangazo, na mwishoni mwa 2002 zikatengenezwa filamu fupi za televisheni zikionyesha Waislamu wa Marekani wakiishi kwa raha: mwalimu, mwoka mikate, daktari. Televisheni za serikali za baadhi ya nchi za Kiarabu zilikataa kuzirusha. Indonesia zilirushwa, tena katika mwezi wa Ramadhani.

Tuiangalie basi Indonesia hiyo, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza watu wake mwaka 2002 kama wanaiona Marekani kwa wema au kwa ubaya. Asilimia 61 walisema kwa wema, na hapo vita ya Afghanistan ilikuwa imekwisha kuanza. Mei 2003, wiki chache baada ya Baghdad kuanguka, waliulizwa tena. Asilimia 15. Zile filamu za Ramadhani zilikuwa na miezi michache tu tangu zionyeshwe, na waliokuwa ndani yake walikuwa watu wa kweli wenye maisha ya kweli. Lakini mtu aliyeketi Surabaya hakuwa na ugomvi na mwoka mikate wa Ohio. Alikuwa akiangalia Baghdad.

Mwaka huohuo Jordan ilishuka hadi asilimia 1. Nilipoiona namba hiyo mara ya kwanza nilidhani ni kosa la chapa.

Endelea na Indonesia uone inavyopanda tena. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari iliinuka ikameza Aceh. Manowari ya Marekani ya kubebea ndege ikaja, na helikopta zake zikawa zinashusha maji na chakula vijijini ambako barabara zote zilikuwa zimefagiwa. Mwaka 2005 walioiona Marekani kwa wema walifika asilimia 38, na karibu wanane katika kila kumi walisema msaada ule umeibadilisha fikra yao kuwa nzuri zaidi. Mwaka 2009, baada ya kuchaguliwa Barack Obama aliyewahi kusoma shule ya msingi Jakarta, ikafika 63. Hapo nakubali kwamba haikuwa sera peke yake; watu walimwona kama mtoto wa mtaani kwao. Lakini kwa miaka saba nchi moja imetoka 61 hadi 15 hadi 38 hadi 63, na dini haikubadilika hata herufi.

Linganisha na Misri. Obama alikwenda Cairo tarehe 4 Juni 2009 akatoa hotuba nzuri. Aliwasalimia kwa "Assalamu alaykum", akanukuu Qurani, akakiri nafasi ya nchi yake katika mapinduzi yale ya Iran ya 1953. Mwaka huo Wamisri walioiona Marekani kwa wema walikuwa asilimia 27. Mwaka uliofuata wakawa 17. Watu walikuwa wamesubiri waone nini kitabadilika Palestina, na hawakukiona.

Nani aliyeusema ukweli huu waziwazi? Kamati ya wataalamu inayoishauri Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwaka 2004 iliandika kwamba Waislamu hawauchukii uhuru wa Wamarekani, wanazichukia sera zao. Shirika la Gallup nalo, lililohoji watu zaidi ya 50,000 katika nchi zaidi ya 35 kati ya 2001 na 2007, liliwauliza Waislamu wanaipendea nini Magharibi. Walitaja teknolojia, utawala wa haki na uhuru wa kusema. Yaani vile vitu walivyodaiwa kuvichukia ndivyo walivyovitamani. Na wale wachache waliosema mashambulizi ya Septemba 11 yalikuwa halali hawakuwa wacha Mungu zaidi ya wenzao.

Umeuliza kama takwimu hizi ni za kuaminika. Kwa kiasi, ndiyo, ila ujue zinavyopatikana. Mdodosaji hupangiwa mtaa, akapangiwa nyumba kwa utaratibu wa kubahatisha, na ndani ya nyumba akamchagua wa kuhojiwa kwa utaratibu vilevile, ili asije akawahoji wenye kupenda maongezi tu. Mahali pengine mwanamke huhojiwa na mwanamke. Kuna nchi ambako serikali hulipitia dodoso kabla na kuyafuta maswali. Kuna mtu anayeogopa. Lakini hofu hiyo ina mwelekeo wake: anayeogopa humsifu mtawala wake mwenyewe. Kuisema Marekani, kwa wema au kwa ubaya, hakumpeleki jela katika nchi nyingi, na kwa hiyo naziamini namba za Marekani kuliko namba za watawala wa nchi husika. Upande wa pili, asiyeweza kumsema rais wake anaweza kumwaga hasira yake yote juu ya rafiki wa rais huyo. Sehemu ya ukali unaouona Misri ya wakati wa Mubarak, kwa maoni yangu, ilikuwa hasira dhidi ya Mubarak iliyokosa njia nyingine.

Tena maneno yana ujanja wake. Hata kwa Kiswahili, ukimwuliza mtu "Unaionaje Marekani?" mmoja atafikiria Ikulu ya Washington, mwingine mpwa wake anayetuma fedha kutoka Minnesota. Ndiyo maana watafiti wazuri huuliza kuhusu nchi, halafu kuhusu watu wake, na katika miaka ile ya Iraq, wahojiwa wa nchi nyingi waliwapa Wamarekani alama za juu kuliko walizoipa Marekani. Ukikutana na namba gazetini bila kuambiwa swali liliulizwaje, iache ipite.

Utafiti unaonigusa kuliko wote ni wa Tunisia, na ulitokea kwa bahati mbaya ya historia. Mtandao wa watafiti uitwao Arab Barometer ulianza kuhoji watu huko Septemba 2023. Walipokuwa katikati ya kazi ikafika tarehe 7 Oktoba: Hamas wakaishambulia Israel, na Israel ikaanza kuipiga Gaza. Walikuwa wamekwisha kuhoji watu 1,146. Wakaendelea, wakahoji wengine 1,260. Nchi moja, dodoso moja, wiki chache. Kabla ya siku ile Watunisia asilimia 40 waliiona Marekani kwa wema. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa asilimia 10. Tunisia haipakani na Gaza, wala hakuna askari wa Kimarekani aliyeingia Tunis. Watu walikuwa wakihesabu maiti za watoto kwenye simu zao kila jioni na kusikia silaha zinatoka wapi. Sisi tunaofundisha somo hili tungehitaji miaka kupanga jaribio la namna hiyo, na hakuna mwenye utu ambaye angelipanga.

Naomba sasa nikupe yale yasiyokaa vizuri, maana ukienda barazani na upande mmoja tu watakuumbua.

Shukrani haidumu. Oktoba 2005 tetemeko liliua watu zaidi ya 70,000 kaskazini mwa Pakistan, na Wamarekani wakaleta msaada mkubwa. Walioiona Marekani kwa wema walipanda kutoka 23 hadi 27 mwaka 2006, kisha wakarudi 15 mwaka 2007. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ila wachumi Tahir Andrabi na Jishnu Das walikwenda wenyewe vijijini miaka minne baadaye, wakakuta kwamba waliokaa karibu na ufa wa tetemeko, yaani waliouona msaada kwa macho, bado waliwaamini wageni wa Magharibi kuliko waliokaa mbali. Namba ya taifa ilimezwa na mashambulizi ya ndege za Marekani zisizo na rubani. Mwaka 2012 Wapakistani 74 katika kila mia waliiita Marekani adui. Mwanakijiji aliyetolewa kifusini hakusahau.

Si kila hasira ni ya sera. Vibonzo vya Mtume vilivyochapishwa Denmark Septemba 2005 havikuwa sera ya nje ya mtu, na watu waliandamana kutoka Jakarta hadi Damascus. Hapo ni heshima ya kitu kitakatifu iliyoguswa, na rafiki yako akikitaja kisa hicho atakuwa na haki.

Halafu kuna China. Julai 2019, serikali 37, zikiwemo Saudi Arabia, Pakistan na Misri, zilitia saini barua ya kuisifu China wakati Waislamu wa Kiuighur wakiwa wamefungiwa makambini Xinjiang, magharibi mwa China. Na wananchi? Hasira yao haikuikaribia ile ya 2003. Hili linaniuma kulisema. Najua sehemu ya sababu: waandishi hawaruhusiwi kufanya kazi huko kwa uhuru, hakuna picha za moja kwa moja kama zile ambazo Al Jazeera ilizileta sebuleni kutoka Baghdad, na China haijawahi kuivamia nchi ya Kiarabu. Maoni ya watu hufuata kinachoonekana. Aliyefichwa akateswa hahesabiwi.

Mizani hiyohiyo, hata hivyo, imewapima Waislamu pia. Baada ya vita ya Lebanon ya 2006, Hassan Nasrallah, kiongozi wa kundi la Hezbollah la Lebanon, alikuwa miongoni mwa viongozi waliopendwa zaidi katika nchi za Kiarabu, za Kisunni zikiwemo, ingawa yeye alikuwa Mshia. Alipopeleka wapiganaji wake Syria kumsaidia Bashar al-Assad, mtawala wa nchi hiyo wakati huo, dhidi ya watu wake, mapenzi yale yaliyeyuka, na sifa ya Iran, mfadhili wake, ikaanguka pamoja naye. Upande mwingine, nenda Kosovo, ambako karibu wote ni Waislamu. Mwaka 1999 NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, iliwapiga Waserbia kwa siku 78 hadi wakaondoka. Katikati ya Pristina leo kuna barabara kuu yenye jina la Bill Clinton na sanamu yake imesimama hapo tangu 2009. Muislamu wa Pristina na Muislamu wa Amman, Jordan, wanaelekea kibla kimoja. Kilichowatenganisha ni mabomu ya Marekani yalimwangukia nani.

Jambo jingine usiliache lichanganywe, maana limewaumiza watu wasio na hatia: kuichukia sera ya Marekani si kuunga mkono ugaidi. Namba za Jordan zinalionyesha hili kuliko hotuba yoyote. Mwaka 2005 Wajordan 57 katika mia waliwaambia Pew kwamba mashambulizi ya kujitoa mhanga yanaweza kuwa halali. Tarehe 9 Novemba mwaka huo magaidi wa al-Qaida ya Iraq walilipua hoteli tatu za Amman, moja ikiwa na sherehe ya harusi. Mwaka uliofuata waliosema ni halali walikuwa 29, na waliomwamini Osama bin Laden walianguka kutoka 60 hadi 24. Na Marekani je, ilipendwa zaidi? Hata kidogo. Ilishuka kutoka 21 hadi 15. Watu wale waliweza kuyakataa mambo mawili kwa pamoja.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji utafiti kulijua hilo. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 224. Walilengwa Wamarekani, na waliokufa Wamarekani ni 12. Waliobaki ni wetu: makarani, wapita njia, walinzi, wanafunzi, Wakristo na Waislamu. Halafu miaka iliyofuata, sheria za kupambana na ugaidi zilipoletwa, Tanzania 2002 na muswada wa Kenya 2003, Waislamu wa pwani waliona kwamba wao waliozika ndugu zao sasa ndio wanaoshukiwa. Malalamiko ya Mombasa ya miaka ile yalikuwa juu ya polisi wao wenyewe, lakini mkono wa Washington waliuona nyuma yake.

Swali lako la mwisho lina uchungu ndani yake. Yana faida gani maoni ya watu wasiosikilizwa? Watawala wengi wa Mashariki ya Kati wamejifunza kuishi kati ya mkebe wa misaada na kelele za mitaani. Misri hupokea takriban dola bilioni 1.3 za misaada ya kijeshi ya Marekani kila mwaka, iwe Wamisri wanaipenda Marekani kwa asilimia 30 au 10. Na Washington, kusema kweli, imeona ni rahisi zaidi kuzungumza na mtu mmoja ikulu kuliko na mamilioni. Naamini hilo ni kosa lake kubwa kuliko yote katika eneo lile, maana kila mtawala wa namna hiyo anapoanguka, Marekani hujikuta haina rafiki aliyebaki.

Ila si kila mahali. Mapema 2003 Marekani iliiomba Uturuki, mshirika wake wa NATO tangu 1952, iruhusu wanajeshi 62,000 wapite kuingia Iraq kutoka kaskazini. Yaliahidiwa mabilioni ya dola. Jeshi halikupinga, serikali ilikubali. Lakini Waturuki karibu wote hawakuitaka vita ile, na tarehe 1 Machi, wakati wabunge wanapiga kura Ankara, maelfu kwa maelfu walikuwa barabarani. Waliosema ndiyo walikuwa 264, waliosema hapana 250, na 19 hawakuegemea popote. Kwa kuwa ndiyo hazikuzidi nusu ya waliohudhuria, hoja ikaanguka.

Meli zilizobeba vifaa vya kikosi cha Marekani zilikuwa zinasubiri baharini nje ya pwani ya Uturuki. Zikageuza, zikashuka hadi Misri, zikapita Mfereji wa Suez kuelekea Kuwait. Wamisri nao waliipinga vita ileile. Tarehe 20 na 21 Machi waliijaza Tahrir, na polisi wakawatawanya kwa marungu na maji.